Kichwa cha Udongo cha Shemeji

Mafuta yalikuwa siku ya saba motoni, na siku ya saba haina mchezo. Nistarini alikuwa amechuchumaa mbele ya karai kubwa la chuma, sari ameibana kiunoni, anakoroga taratibu kwa mwiko wa mti wa mpera. Ndani ya karai mlikuwa na mafuta ya ufuta, maji ya matunda machachu ya amla aliyoyakamua kwa mkono, maua mekundu ya jaba yaliyotwangwa, uwatu, na majani aliyoyachuma mwenyewe pembeni mwa bwawa kabla jua halijayanyonya. Alichota mashapo kidogo, akayaviringisha kati ya vidole mpaka yakawa utambi mwembamba, akautia motoni. Utambi ukilia pa-pa-pa, ujue maji bado yamo. Ule uliwaka kimya.

"Tayari," akajiambia.

Ndipo aliposikia mitawanda. Ka, ka, ka, vile viatu vya mbao juu ya matofali ya uani, halafu kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote ndani yake. Nistarini aliacha mwiko, akavuta upindo wa sari mpaka kidevuni, akageukia ukuta.

Alikuwa shemeji yake mkubwa, Wakili Bhabatosh, kaka wa mumewe. Nistarini aliletwa nyumba ile akiwa bibi harusi wa miaka kumi na mmoja, na sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na saba. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona shemeji yake uso, wala shemeji hakuwahi kuuona wake. Mke wa mdogo mtu na kaka wa mume hawaonani, hawasemezani, na kivuli cha mmoja kikimwangukia mwenzake, mtu anakwenda kuoga. Kikohozi kile kilikuwa hodi: jifunike, napita. Alichokijua Nistarini cha shemeji yake ni miguu tu, kwa kuwa siku zote alikuwa anatazama chini. Miguu mipana, visigino vyenye nyufa, na ukucha wa kidole gumba cha kulia mweusi tangu ulipoangukiwa na sanduku la vitabu vya sheria.

Bhabatosh alisimama karibu na mnazi, akaanza kuuambia mnazi kwa sauti ya mahakamani.

"Nasema hivi. Jumatatu ya wiki ya pili nina kesi kubwa. Jumanne yake asubuhi maseremala wanakuja kulibomoa hili banda. Hapa patakuwa chumba cha baisikeli yangu. Nyumba nzima inanuka uwatu! Juzi jaji ameniuliza kama mimi nalala jikoni. Tumo mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Mafuta ya nywele siku hizi yanatengenezwa kwa mashine, Kolkata, yanatiwa muhuri, yanapimwa na madaktari. Mambo ya kuchemsha majani yamekwisha."

Mnazi haukujibu. Mitawanda ikaondoka, ka, ka, ka.

Nistarini alibaki ameuelekea ukuta kwa muda mrefu, mpaka mafuta yakaanza kutoa harufu ya kuungua na ikabidi akimbilie kuni.

Banda lenyewe halikuwa kitu cha kutazamwa. Nguzo nne za mianzi, paa la nyasi za mpunga, kuta za mkeka ambazo chini hazikufika ardhini, zimeachwa juu kiasi cha shubiri mbili ili moshi na paka wapite. Lakini kulikuwa na rafu aliyoachiwa na mama mkwe wake, na juu yake vyungu vimepangwa, kila kimoja kimefungwa kitambaa: asali ya kikohozi yenye tangawizi na kivumbasi, magome machungu ya homa, majani ya tumbo yaliyokaushwa kivulini, kafuri, samli ya zamani iliyokuwa na umri mkubwa kuliko watoto wa nyumba. Asubuhi wanawake wa mtaa walikuja kwa mlango wa bwawani, huyu na mtoto mwenye gesi, yule na nywele zinazokatika baada ya kujifungua. Krishnanagar nzima upande ule wa mto, nywele za wanawake zilinuka mafuta ya Nistarini.

"Nimesikia," alisema wifi yake, Khiroda, akiingia bila hodi. Khiroda alikuwa dada mkubwa wa Bhabatosh, mjane tangu utoto, kichwa kimenyolewa kipara kama desturi ya wajane, sari yake nyeupe tupu. Yeye ndiye aliyeweza kusema na pande zote mbili, basi kazi yake ilikuwa kupeleka maneno kwa Bhabatosh na kuyarudisha, na kila neno lililopita mdomoni mwake lilitoka limenenepa. "Nikamwambie umelia mpaka umezimia?"

"Usimwambie kitu, wifi."

"Basi nitamwambia umecheka. Hiyo itamuuma zaidi."

Alasiri ya siku ileile sanduku lilifika kwa treni. Bhabatosh alilifungua barazani mbele ya watu wote. Chupa kumi na mbili za kijani, zimelazwa katika nyasi kama mayai. Kila chupa ilikuwa na picha ya mwanamke aliyesimama kwenye mawingu, nywele zimemwagika mpaka visiginoni, na jina kwa herufi za dhahabu: Ushindi wa Nywele. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu ya barua za shukrani. Bhabatosh alizisoma zote kwa sauti, moja baada ya nyingine. Mkuu wa stesheni fulani huko Bihar alikuwa na kipara kama sahani, sasa anahitaji kinyozi mara mbili kwa mwezi. Daktari mmoja alishangaa. Mke wa tajiri mmoja alikuwa amekata tamaa, kisha hakukata tena.

"Na mbuzi wake je?" Khiroda akauliza. "Naye hakuota nywele?"

"Dada, cheka," Bhabatosh akasema, akipapasa kipara chake. "Utaona baada ya miezi mitatu."

Sasa hapo ndipo palipoingia uwakili. Karatasi ilisema kijiko kimoja, asubuhi, kwa miezi mitatu. Bhabatosh alikaa akafikiri kama anavyofikiri juu ya kesi, akaona kwamba kijiko kimoja kikitaka miezi mitatu, vijiko vitatu vitataka mwezi mmoja. Hoja ilikuwa safi, haikuwa na tundu. Siku ya kwanza akatia vijiko vitatu. Siku ya pili utosi ukawasha, akafurahi, akasema mizizi inaamka. Siku ya tatu akakaa juani ili joto lisaidie. Siku ya nne hakutoka chumbani.

Khiroda alikuja bandani akitembea haraka kuliko Nistarini alivyowahi kumwona akitembea.

"Wifi yangu, njoo uone. Yaani, huwezi kuona, lakini njoo usikie. Kichwa cha mdogo wangu kimechemka."

"Kimechemka vipi?"

"Malengelenge! Mbele, nyuma, mpaka juu ya sikio. Mkewe Saudamini analia, yeye mwenyewe anauma mto. Na Jumatatu ana kesi!"

Kesi yenyewe ingeweza kuzungumzwa na mtu mwenye malengelenge. Shida ilikuwa kilemba. Wakili haingii mbele ya jaji bila kile kilemba chake kigumu cha kazi. Akiingia kichwa wazi, jaji Mwingereza anatazama pembeni kama mtu hayupo. Na kilemba hakiwezi kukaa juu ya kichwa ambacho hata nzi akitua, mwenyewe anapiga ukelele. Zilikuwa zimebaki siku sita.

"Si aende hospitali?" Nistarini akauliza.

"Daktari anacheza karata na mawakili kila jioni. Akimwonyesha saa kumi, saa kumi na mbili mji mzima unacheka." Khiroda akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nimemwambia kuna wewe. Amesema, 'Muulize.' Sasa sikiliza, hii ndiyo bahati yako. Mwambie dawa ipo, lakini banda lisibomolewe. Asipokubali, aende na malengelenge yake."

Nistarini alitikisa kichwa. "Mtu akiwa anaungua simwekei masharti, wifi. Mama mkwe angenitokea ndotoni."

"Mama yangu alikuwa na masharti kwa kila mtu!"

"Kwa wazima. Kwa mgonjwa hakuwa nayo. Haya, niambie. Malengelenge ni makavu au yana majimaji?"

Khiroda akafikiri. "Yanang'aa."

"Yanang'aa kwa maji?"

"Yanang'aa kama anavyong'aa siku zote! Wifi, macho yangu unayajua. Jana nimelisalimia gunia la mchele, nikakasirika halikuitikia."

Wakamwita Saudamini, mke wa Bhabatosh, mwanamke mnene, mpole, mwenye funguo zote za nyumba kiunoni. Alianza vizuri. "Upande wa mbele," akasema, "kuna manne makubwa, na katikati yake..." Kisha akaanza kulia. Wakampa maji. Akaanza tena upande wa nyuma, akalia tena. Mara ya tatu hakufika hata sikioni.

"Dada, usijali," Nistarini akamwambia, akimfuta uso. "Lakini mimi siwezi kupaka kwa kukisia. Kidonda chenye maji ukikipaka samli kinaoza. Kidonda kikavu ukikiosha kwa mwarobaini kinapasuka. Lazima mtu akione."

Khiroda akapata wazo la kutoboa mkeka, Bhabatosh atoe utosi tu, kwa kuwa utosi si uso. Alikwenda mbio na wazo lake, akarudi polepole.

"Amesema yeye si mbuzi wa mnadani."

"Na mimi nisingethubutu," Nistarini akasema, akiuvuta upindo kwa kuwaza tu.

Kunguru alishuka kwenye mti wa mpera, akadonoa tunda, akaondoka nalo. Khiroda alimfuata kwa macho yake mabovu, mara akapiga paja.

"Fundi Nibaran!"

Kila mtu mjini alimjua Nibaran wa mtaa wa wafinyanzi wa Ghurni. Alifinyanga samaki mpaka paka wa sokoni wakapigana. Alifinyanga mdudu juu ya embe la udongo, na watu wakamfukuza kwa mkono. Akiweza kufinyanga mdudu, atashindwa na malengelenge? Nistarini asingeona kichwa cha shemeji yake. Angeona udongo, na udongo hauna ushemeji na mtu.

Nibaran alipitishwa mlango wa bwawani, akafungiwa chumbani na Bhabatosh saa nzima. Kesho yake akaleta kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakiweka bandani, akasimama nje kando kungoja sifa. Khiroda akavuta kitambaa.

Nistarini akajifunika uso, akaruka nyuma, akajificha nyuma ya tenga la kuni.

"Wewe!" Khiroda akacheka mpaka akashika nguzo. "Ni udongo!"

"Ana macho!"

"Ya rangi! Toka huko, hakikohoi, hakuna anayekuja. Njoo... ngoja kwanza. Ngoja. Huyu ni nani?"

Nistarini alichungulia. Ndani ya kikapu palikuwa na bwana mzuri wa miaka ishirini na mitano, nywele nyeusi tii zimegawanywa katikati, masharubu yamepindwa juu kama pembe. Hakuwa na lengelenge hata moja. Wanawake wale wawili walitazamana, kisha wakacheka, wakacheka hasa, mpaka Saudamini akatoka jikoni kuuliza nani kafa, akakitazama kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, hivi ndivyo alivyokuwa," na yeye akacheka huku machozi yakimtoka kwa desturi.

Khiroda alimwita fundi. "Nibaran, baba, hii ni nini?"

"Mheshimiwa Wakili, Mama."

"Nywele umezitoa wapi?"

Nibaran alionekana kuumia. "Mama, miaka thelathini nafinyanga wakubwa. Matumbo nimeyapunguza, makovu nimeyafuta, hata wenye jicho moja nimewapa la pili. Hakuna aliyewahi kunirudishia kazi kwa sababu nimempendezesha."

"Basi huyu ndiye wa kwanza. Sisi hatumtafutii mchumba! Mpe kipara chake. Mpe malengelenge yake, moja moja, rangi yake na ukubwa wake, na yenye maji uyatie maji. Ukisahau hata moja nitakuja kulitafuta."

"Kwa macho hayo, Mama?"

"Kwa vidole!"

Kichwa cha pili kilifika kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki siku nne. Safari hii Nistarini alijifunika kabla kitambaa hakijavutwa, kisha akauinua upindo kidogo kidogo, kama mtu anayefunua chungu cha moto. Nibaran alikuwa amekasirika, na kwa hasira yake hakuacha kitu. Malengelenge yalikuwepo yote, yenye maji yamepakwa ute wa yai yakang'aa, makavu yametiwa vumbi la chokaa. Hata vinyweleo vilivyobaki katikati alivichoma kwa sindano, tundu kwa tundu.

Lakini Nistarini hakutazama malengelenge kwanza. Alitazama uso. Miaka ishirini na saba alikuwa akiusikia ukikohoa, akiuwazia mkubwa, mkali, wenye nyusi kama za simba. Kumbe ulikuwa uso wa mama mkwe wake, kidevu kilekile kidogo kilichoingia ndani, na macho ya mtu aliyeamka usiku akasikia kitu na hajui ni nini. Uso wa mtu mwenye hofu ya Jumatatu.

"Maskini," akasema.

"Usimhurumie," Khiroda akasema. "Tazama kichwa."

Akatazama. Alikizungusha kikapu polepole, akainama, akanusa hata rangi kwa mazoea. Mbele, manne yenye maji. Nyuma, makavu yaliyovuta ngozi. Juu ya sikio, mchirizi ambako dawa ilitiririka. Na matundu ya vinyweleo yalikuwa bado wazi, maana yake ngozi ya chini ilikuwa nzima.

"Atapona," akasema. "Mbele maji ya mwarobaini, vuguvugu, mara tatu kwa siku, bila kusugua. Nyuma samli iliyooshwa mara mia."

Alimwonyesha Khiroda palepale, juu ya udongo: weka kidole hapa, usivute, gusa na uachie. Khiroda alijaribu na kitambaa cha maji, rangi ikayeyuka, na lengelenge kubwa la mbele likatoweka.

"Huyu amepona kabla ya mwenzake," Khiroda akasema, akachukua bakuli la mwarobaini akaenda ndani.

Nistarini alibaki peke yake na samli. Kuosha samli mara mia ni kazi ya kukaa chini. Unaitia katika sahani ya shaba, unaitilia maji baridi, unaizungusha kwa kiganja mpaka maji yachoke, unayamwaga, unatia mengine. Alikuwa na punje mia za mchele pembeni, kila mzunguko anasogeza punje moja. Kichwa cha udongo kilikuwa juu ya kinu, kinamtazama. Mzunguko wa thelathini samli ilianza kuwa nyeupe. Mzunguko wa hamsini Nistarini alianza kuzungumza nacho, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwepo.

"Vijiko vitatu!" akakiambia. "Karatasi inasema kimoja, wewe unatia vitatu. Hivi ukiisema kesi moja mara tatu, jaji anakupa ushindi mara tatu? Ukikaa kwenye treni tatu unafika Kolkata mapema? Mtu mzima, umesoma mpaka macho yamekuwa madogo, unajipika kichwa kama bilinganya!"

Alimwaga maji, akainama kuchukua mtungi. Ndipo alipoiona miguu.

Ilikuwa chini ya ukuta wa mkeka, upande wa pili, pale ambapo mkeka haukufika ardhini. Miguu mipana, visigino vyenye nyufa, na ukucha mweusi wa kidole gumba cha kulia. Ilikuwa pekupeku. Akaelewa mara moja: kila hatua ya mitawanda ilikuwa inamgonga utosini, na kikohozi kinavuta ngozi, basi shemeji alikuwa amekuja bila viatu na bila hodi, labda kuuliza dawa imefika wapi. Na alikuwa amesikia. Hata lile la bilinganya alikuwa amelisikia.

Mikono ya Nistarini ilisimama ndani ya sahani. Angeweza kujifunika na kukimbilia bwawani. Angeweza kunyamaza mpaka miguu iondoke. Jumanne ilikuwa karibu. Miguu haikuondoka.

Akasogeza punje. Sitini na mbili. Akakitazama kichwa cha udongo usoni, na sauti yake ikatoka nyembamba, lakini ikatoka.

"Na jambo lingine, kwa kuwa tumeshaanza. Hili banda unaliona la nyasi. Mama yako aliniweka hapa nikiwa mtoto, nalilia kwetu, sijui kupika hata wali, akanipa huu mwiko. Mwaka wa mafuriko ulipougua tumbo siku ishirini, dawa ilitoka hapa, nawe hukuuliza imetoka wapi, ulikunywa ukapona ukaenda mahakamani. Sikudai kitu. Lakini sikiliza. Ndani ya nyumba ile funguo ni za dada, maneno ni yako, na mume wangu anakuja Jumamosi anaondoka Jumatatu. Mimi huko ni mke wa mdogo mtu, basi. Hapa tu ndipo mtu anapobisha mlango wa bwawani akitaka nimsaidie mimi. Baisikeli yako ukiiegemeza ukuta wowote itasimama. Mimi ukinibomolea hapa, sijui nitaegemea wapi."

Alimwaga maji. Akatia mengine.

"Nimemaliza," akauambia udongo.

Miguu ilikaa pale kwa mizunguko miwili mizima. Kisha kisigino kimoja kikageuka, halafu cha pili, ikaondoka polepole kama miguu inayopita juu ya kokoto.

Khiroda aliporudi alimkuta amekaa, samli nyeupe kama maziwa.

"Una nini? Umesema na nani, nimesikia sauti?"

"Na udongo."

"Udongo ukajibu?"

"Umeondoka."

Khiroda alikitazama kichwa juu ya kinu, akamtazama wifi yake, akakaa chini ghafla. "Mungu wangu, wifi. Ulimwambia nini? Sema yote, usiruke neno. Mimi nimebeba maneno yenu miaka ishirini na saba, na siku mnayosemezana nimekwenda kushika bakuli!"

Samli ilifanya kazi yake. Jumamosi nyuma palikuwa pamelainika, Jumapili mbele pamekauka na kutoa ngozi mpya ya waridi. Mume wa Nistarini, Paresh, alifika Jumamosi kama kawaida, akaambiwa kisa chote, akakaa mlangoni mwa banda akikitazama kile kichwa mpaka chai ikapoa mkononi. Nistarini alishonea kilemba bitana ya kitambaa cha zamani kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama kope, akampa Khiroda akipeleke. Jumatatu asubuhi Bhabatosh alivaa kilemba, akatazama kioo, akakaza meno, akatoka. Hakupiga ukelele. Kesi yenyewe haikusikilizwa, maana jaji alikuwa na homa.

Neno la banda halikusemwa na mtu yeyote. Hata Khiroda hakuleta kitu, na kukosa cha kuleta kulimfanya mkali siku nzima.

Jumanne Nistarini aliamka kabla ya kunguru. Alishusha vyungu vyote kutoka rafuni, akavifunga kwa nyasi, akavipanga katika matenga. Karai aliliinamisha juu ya kuni. Maseremala wawili walikuja na misumeno na ngazi wakasimama uani wakitafuna tambuu. Kisha mitawanda ikasikika, na kikohozi, na Nistarini akavuta upindo akageukia ukuta.

Bhabatosh alisimama kwenye mnazi wake.

"Nimelichunguza hili eneo," akauambia mnazi. "Lina unyevunyevu. Bwawa liko karibu mno. Chuma cha baisikeli kitaota kutu. Baisikeli itakaa barazani."

Khiroda, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kumenya.

"Lakini maseremala wameshakuja," Bhabatosh akaendelea, na kwa mara ya kwanza sauti ile ya mahakamani ilitafuta njia. "Si vizuri wakarudi bure. Paa hili limeoza. Mtu anayefanya kazi humu... yaani, huyo mtu... angetaka wafanye nini?"

Khiroda alikuwa ameshasimama, viazi vinabingirika uani. "Anataka vigae!" akasema. "Vigae vyekundu, na mlango wa mbao nzito wenye komeo la shaba, na rafu tatu, na sakafu ya..."

"Dirisha la moshi," Nistarini akasema.

Alilisema kwa ukuta, lakini hakulisema kwa kunong'ona. Seremala mmoja aliacha kutafuna.

"Upande wa kaskazini," akaongeza. "Juu."

Mitawanda ilisogea kidogo juu ya matofali.

"Mmesikia," Bhabatosh akawaambia maseremala. "Kaskazini. Juu." Akaenda zake mahakamani kwa baisikeli, kilemba kimefungwa nyuma ndani ya sanduku lake.

Nywele hazikurudi, hata moja. Chupa kumi na moja za Ushindi wa Nywele zilizobaki zilikaa chini ya ngazi mpaka mtu alipogundua kwamba zinasafisha mnyororo wa baisikeli vizuri ajabu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa anawaza chupa. Maseremala walipandisha ngazi, Nistarini akaanza kufungua matenga, chungu kimoja baada ya kingine, akivirudisha rafuni kila kimoja mahali pake, na Khiroda akamfuata nyuma akilalamika bila kupumzika.

"Wifi, umeniharibia! Nilikuwa nimeshafika sakafuni! Ungeningoja kidogo tu, tungepata hata kisima!"